Kuchagua kompyuta ndogo ya mezani kwa matumizi ya nyumbani

"Kaka, hii ni i5, utaitumia mpaka uchoke mwenyewe." Ndivyo utakavyoambiwa ukisimama mbele ya kaunta yoyote Kariakoo ukaulizia kompyuta ndogo ya mezani. Muuzaji hakudanganyi. Ila i5 ni jina la prosesa ya Intel, yaani ubongo wa kompyuta; ya kwanza ilitoka mwaka 2009, na tangu hapo zimefuatana nyingine karibu kila mwaka. Kumwambia mtu "ni i5" ni kama kumwambia "ni Corolla". Sawa, tumesikia, lakini ya mwaka gani?

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia dada yangu kununua moja, na baada ya mimi mwenyewe kuliwa hela miaka ya nyuma kwa kutojua niangalie nini. Ninavyovizungumzia ni vile viboksi vya mraba, sentimita 18 kwa 18 hivi na unene wa sentimita 3.5, ambavyo ofisi za Ulaya na Marekani hufunga nyuma ya kioo cha kompyuta (monita), kisha huvitoa vyote kwa mpigo zikinunua vipya. Huku kwetu vinashuka kwa kontena. Nairobi wanaviita ex-UK, Dar tunasema used au mtumba. Majina utakayokutana nayo zaidi ni matatu: Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk au ProDesk Mini, na Lenovo ThinkCentre Tiny. Kwa mtu wa matumizi ya kawaida sioni kitu kingine chenye thamani kama hiyo kwa bei hiyo, mradi usikurupuke.

Hatua ya 1: Andika kazi, halafu andika ulivyonavyo

Chukua karatasi. Upande mmoja andika kompyuta itafanya nini hasa. Kwa dada orodha ilikuwa hivi: binti yake wa kidato cha sita aombe mkopo wa chuo HESLB (Bodi ya Mikopo), shemeji ajaze maombi yake Ajira Portal bila kwenda kupanga foleni stesheneri, dada aweke hesabu za duka la vipodozi kwenye Excel, na usiku wote watazame filamu. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji mashine kubwa. Ila kama kwenye karatasi yako kuna kuhariri video kila siku, michoro ya AutoCAD, au magemu mazito ya kijana wako, rudi nyuma. Viboksi hivi vingi havina nafasi ya kuwekewa kadi ya picha, na feni yake ni ndogo.

Upande wa pili andika ulichonacho: kioo au TV yenye HDMI, kibodi, kipanya, spika, UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), Wi-Fi. Hapa ndipo watu wanapojikwaa. Laptop inakuja na vyote tumboni, betri ikiwemo. Kiboksi kinakuja mtupu. Nimeshaona mtu anashangilia bei ya kiboksi, halafu akimaliza kununua kioo, kibodi, UPS na vijiwaya viwili vitatu, anakuta amefika bei ya laptop nzuri. Kama huna kioo wala TV, na mtaa wenu umeme unakatika leo na kesho, pigia laptop hesabu kwanza. Dada alikuwa na TV ya inchi 32 na kibodi ya zamani, kwa hiyo kiboksi kilishinda bila ubishi.

Hatua ya 2: Soma namba ya prosesa, si jina

Hatua hii ndiyo yenye uzito kuliko zote, na ukilazimika kusahau nyingine usisahau hii.

Namba nzima huandikwa hivi: i5-6500T, i3-8100T, i5-10500T. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: 6500 ni kizazi cha 6, 8100 ni cha 8. Ikiwa namba ina tarakimu tano, zile mbili za mwanzo ndizo kizazi, kwa hiyo 10500 ni cha 10. Herufi T mwishoni inaonyesha prosesa iliyotengenezwa itumie umeme kidogo, wati 35, na nyingi utakazokuta kwenye viboksi hivi ni za T. Usiiogope.

Mstari wa kugawa ni kizazi cha 8. Microsoft walisimamisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, ukitoa chache sana za nyuma yake, pamoja na chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0. Ndiyo maana viboksi vya kizazi cha 6 na 7 vimejaa madukani kwa bei ya kutupa. Ofisi za ughaibuni zinavikimbia.

Sasa sikia ujanja. Ukiwasha kiboksi cha kizazi cha 6 dukani, unaweza kukuta Windows 11 inawaka vizuri, menyu katikati, picha ya ua la buluu, kila kitu. Fundi ameipitisha kwa nguvu. Inawezekana, na si kazi ngumu, lakini Microsoft hawaahidi kuiletea masasisho mashine ya namna hiyo. Kwa hiyo usiangalie menyu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya Performance, bonyeza CPU, na namba ya prosesa itasomeka juu kulia. Usisome stika iliyobandikwa mbele. Stika inabanduka na kubandikwa.

Kuna kingine ambacho wauzaji wengi hawasemi, pengine hawajui: i3-8100T ina core nne, yaani viini vinne vya kufanyia kazi, sawa na i5-6500T. Kwa hiyo i3 ya kizazi cha 8 si mdogo wa i5 ya kizazi cha 6 kama majina yanavyokufanya udhani, na Windows 11 inaipokea. Ile i5-8500T ina sita. Dada alichukua i3 ya kizazi cha 8, na muuzaji alisikitika waziwazi kwa niaba yake.

Ukikutana na AMD Ryzen, prosesa za mpinzani wa Intel, si mbaya hata kidogo, lakini hesabu ya vizazi vyake imechanganyika. Andika modeli kamili, nenda kwenye orodha ya Microsoft ya prosesa zinazokubaliwa, hakikisha ipo, ndipo urudi dukani.

Je, kizazi cha 6 au 7 kitupwe? Hapana. Kama huna shida ya kujifunza mfumo mwingine, weka Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, pamoja na LibreOffice ya kuandikia na hesabu, na kiboksi cha bei ya chini kitafungua tovuti, kitaandika barua na kucheza video kwa miaka. Lakini uwe unajua hivyo kabla ya kulipa, na ulipe bei ya kizazi cha 6. Kizazi cha 4 mimi sikigusi tena. Hata RAM yake (kumbukumbu ya kazi) ni ya aina ya zamani, DDR3, kila utakachotaka kuongeza kesho ni cha kutafutwa kwa tochi.

Hatua ya 3: RAM na SSD

RAM GB 8 ndiyo ya kuanzia. GB 4 itawasha Windows 11, kisha itakaa inakutazama. Uzuri ni kwamba viboksi hivi hutumia RAM ya laptop, na vingi vina nafasi mbili, kwa hiyo uliza kama ile GB 8 ni kijiti kimoja au viwili vya GB 4. Kimoja ni bora: mwakani unaongeza kingine bila kutupa kitu.

Kuhusu hard disk ya kuzunguka, kataa. Kompyuta yenye prosesa nzuri na hard disk ya zamani itakuchosha kuliko yenye prosesa ya kawaida na SSD, diski ya kisasa isiyozunguka. GB 256 inatosha nyumba nyingi. Filamu ziwekee diski ya nje. Ila kuwa macho na SSD mpya zisizo na jina la maana zinazowekwa kwenye mashine ya mtumba ili tangazo lisomeke "SSD GB 512". Nyingine zina ujazo wa uongo: zinaonyesha 512, ukijaza kidogo tu mafaili yanaanza kuharibika. Ningechukua GB 256 iliyotumika kutoka kiwanda kinachojulikana kuliko 512 mpya ya jina nisilolijua. Programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo inakuonyesha afya ya SSD kwa asilimia na saa ilizofanya kazi. Iweke kwenye flashi yako uende nayo.

Hatua ya 4: Geuza nyuma, hesabu matundu

Omba kiboksi mkononi, kigeuze. Unatafuta vitu vitatu.

Cha kwanza ni tundu la picha. Ofisi za nje zinapenda DisplayPort, na viboksi vingi vina DisplayPort mbili bila HDMI hata moja. Kwa macho vinafanana, ila DisplayPort ina kona moja tu iliyokatwa. Ukiwa na TV, utahitaji waya wenye DisplayPort upande mmoja na HDMI upande wa pili. Ni wa bei ndogo, lakini unasafiri njia moja tu: kutoka DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya TV. Ukinunua ule wa kinyume chake, vichwa vitaingia vizuri kabisa na picha hutaiona. Nilipoteza Jumamosi nzima kwa waya kama huo.

Cha pili ni Wi-Fi. Nyingi zilifanya kazi ofisini kwa waya wa mtandao na hazikuwahi kuwekewa kadi ya Wi-Fi. Angalia kama kuna antena nyuma, kisha hakikisha kwenye skrini kwamba mitandao inaonekana. Kama haipo, kuna kidude cha USB kinachofanya kazi hiyo, au unachomeka simu kwa waya wa USB na kuwasha kushea intaneti. Njia hiyo ya simu ni nzuri kuanzia, ila ingia kwenye mipangilio uweke alama kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo, la sivyo masasisho ya Windows yatakula bando la wiki kabla hujamaliza chai.

Cha tatu ni chaja.

Hatua ya 5: Chaja

Wanunuzi wengi hawaiulizii chaja. Viboksi hivi havina pawasaplai ndani. Vinatumia chaja kama ya laptop, kwa kawaida ya wati 65 au 90. Kichwa cha Lenovo ni cha pembe nne, cha HP ni cha duara chenye rangi ya buluu ndani, cha Dell ni cha duara chenye pini nyembamba katikati. Ile pini ya Dell si pambo: ndiyo inayoiambia kompyuta chaja ni ya wati ngapi. Ikivunjika, au chaja ikiwa ya kuiga, kompyuta inaweza kuwaka na onyo na kujipunguzia kasi, halafu wewe unasema umeuziwa kimeo.

Omba chaja halisi ya kampuni hiyohiyo, soma wati zilizoandikwa, na ishike baada ya dakika kumi uone imepata moto kiasi gani. Uvuguvugu ni kawaida. Ikiunguza, badilisha kabla ya kutoka.

Kama habari za chaja zinakukera, kuna ndugu zake wakubwa kidogo wanaoitwa SFF, unene wa kama sentimita 9 au 10. Hao wana pawasaplai ndani, wanatumia waya wa kawaida wa kompyuta unaopatikana kila kona, na mara nyingi bei yao ni nafuu zaidi. Nyumba yenye meza kubwa haipotezi kitu kwa kuwachukua.

Hatua ya 6: Majaribio dukani, usione haya

Nenda asubuhi siku ya kazi, si Jumamosi jioni duka limejaa. Beba flashi na earphone. Mwambie muuzaji aizime kabisa, halafu uiwashe mwenyewe.

Ikianza tu kuwaka, gonga kitufe cha kuingia kwenye BIOS, mipangilio ya ndani inayotangulia Windows: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo. Hapa nina kidonda. Ile ya kwanza niliyonunua, duka sitalitaja, iliwaka vizuri na kufanya kazi miezi mitatu. Siku nilipotaka kuweka mfumo mpya kwa flashi, BIOS ikaniomba neno la siri la ofisi fulani ya huko ilikotoka. Nikarudi dukani; kijana aliyeniuzia alikuwa ameshahama, aliyebaki akanionea huruma kwa maneno. Fundi aliifungua kwa bei iliyokaribia robo ya niliyonunulia. Sekunde tano za kugonga F2 zingeniokoa.

Ukiwa humo ndani ya BIOS, tazama tarehe na saa. Zikiwa zimerudi miaka ya nyuma, betri ya kifungo iliyo kwenye bodi, ile ya CR2032, imekufa. Ni ya bei ndogo na inabadilishwa kwa dakika mbili, lakini isipobadilishwa, kila umeme ukikatika saa inarudi nyuma, na kivinjari kinagoma kufungua tovuti kikisema si salama. Watu wamewahi kuambiwa wana virusi kwa sababu hiyo.

Sasa ingia Windows. Prosesa umeshajua inasomwa wapi. Bonyeza alama ya Windows pamoja na R, andika tpm.msc, na uone kama toleo linasomeka 2.0. Chomeka flashi kwenye kila tundu la USB, moja baada ya jingine, mbele na nyuma. Weka earphone usikie sauti. Fungua video ya YouTube ya 1080p uiache dakika kumi huku mnaongea bei. Weka kiganja kwenye matundu ya hewa usikie upepo. Feni ikilia kama mashine ya kusaga kwa video moja, ndani kuna vumbi au ile dawa ya joto ya prosesa imekauka. Inatibika, ila iwe sababu ya kupunguziwa.

Jaribio la mwisho wauzaji wanalikwepa. Mashine nyingine bado zimesajiliwa kwa kampuni iliyokuwa ikizimiliki. Zinaonekana safi, lakini siku utakapoirudisha Windows upya na kuunganisha intaneti, inakukaribisha kwa jina la kampuni hiyo na kutaka barua pepe ya mfanyakazi wao. Mwombe fundi aisafishe na kuanza upya mbele yako, intaneti ikiwa imeunganishwa. Inachukua muda. Kaa, kunywa soda. Akikataa kabisa, akuandikie kwenye risiti kwamba ikitokea hivyo unarudishiwa hela, pamoja na siku za dhamana na namba ya mashine. "Dhamana ipo kaka, njoo tu" si dhamana.

Vipi kuhusu mpya?

Zipo, na sizichukii. Viboksi vipya vyenye prosesa ya Intel N100, iliyotoka 2023, vina core nne na vinakula umeme kidogo mno, na kwa orodha kama ya dada vinatosha. Udhaifu wake ni kwamba vingi vinatoka viwanda ambavyo havina fundi wala chaja ya akiba mjini kwetu, kikifa, kimekufa. Mwenye uwezo zaidi aangalie Mac mini ya M4, iliyotoka 2024 ikianzia dola 599 Marekani na RAM ya GB 16. Ni mashine tamu, ila RAM huiongezi baadaye, na huku haitauzwa kwa dola 599.

Hatua ya 7: Ukifika nyumbani

Ukitumia TV, huenda kingo za skrini zikakatika na usione saa pale chini. Kompyuta haina kosa. Ingia kwenye mipangilio ya TV, kwenye ukubwa wa picha, utafute Just Scan au Screen Fit.

Umeme: kwa kazi nyepesi kiboksi kinakula kama wati 15. Saa tano kwa siku, siku 30, ni uniti 2.25 kwa mwezi. Desktop kubwa ya zamani ya wati 70 ingekula uniti 10 na nusu kwa saa hizohizo. Kwa aliye kwenye D1, kundi la TANESCO la watumiaji wadogo, ambaye akivuka uniti 75 kwa mwezi bei inapanda, tofauti hiyo si ya kuchezea. UPS ndogo ya 650VA, betri yake ikiwa nzima, itabeba kiboksi na kioo nusu saa au zaidi, muda wa kutosha kumalizia fomu na kuzima kistaarabu. Bila UPS utakuwa unazimiwa kwa kofi kila TANESCO wakikata, na SSD hazipendi.

Usikiweke juu ya friji wala usikifunike kitambaa cha kufuma, najua kinapendeza. Kila miezi sita hivi fungua kifuniko. Vingi vinafunguka kwa skrubu moja nyuma. Puliza vumbi huku umeizuia feni kwa kijiti cha meno isizunguke.

Na kabla hujaketi, chukua maka peni uandike KOMPYUTA YA NYUMBANI, HAITOKI kwenye ile chaja. Inafanana na ya laptop na inaingia kwenye laptop. Ya dada ilikaa wiki mbili tu, shemeji akasafiri nayo Morogoro.